Rangi Iliyotoka Chini ya Sahani

Siku ya kuniaga, mudiri alizungumza mpaka sambusa zikapoa. Alipomaliza akanigeukia, "Mama Mwakio, maneno mawili tu." Nikasimama, nikasema "Ahsanteni sana", nikaketi. Akapata maneno yake mawili kamili. Nyinyi vijana wa ghalani mkaninunia, ati nimeondoka na habari zote tumboni, basi nimekaa hapa chumbani kwangu Al Sadd, kati ya masanduku ambayo hayataki kufungika, nawaandikia.

Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Hayo mnayachambua kila siku kwenye lifti na mnayajua kunishinda. Nitaandika jinsi nilivyofundishwa kazi, halafu nitawaeleza habari ya sahani ya kule Umm Salal, nje kidogo ya mji, kwa sababu naisikia ikisimuliwa vibaya. Juzi nimemsikia mmoja wenu akisema kwamba msichana aliivunja. Haikuvunjika.

Nilikuja Doha kutandika vitanda kwenye hoteli moja ya West Bay. Nilitandika vitanda hadi mgongo ukaniambia basi, ndipo rafiki wa kanisani akaniambia kuna ghala la vitu vya kale linatafuta mwanamke wa mikono mitulivu. Walitaka mwanamke kwa sababu vitu vingi vilikuwa majumbani mwa watu, na mwanamume mgeni hawezi kuingia tu jikoni kwa watu akaanza kufungua makabati. Nilikwenda nikiwa nimevaa vizuri, na kumbe hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Mkuu wa vyombo vya udongo alikuwa Msudani mmoja mrefu, Ustaz Idris, mtu wa sauti ya chini na subira ya kukera. Aliniangalia akasema, "Saa, vua. Bangili, vua. Mkufu, vua." Pete ya ndoa ilikataa kutoka. Akanipeleka mwenyewe kwenye sinki, akanipa sabuni, akasimama akinisubiri kama mtu anayesubiri basi.

Siku nzima ile alinifanya nibebe kikombe. Kikombe cha dukani, cha chai, hakina hata ua. Nakitoa meza hii nakipeleka meza ile, mkono mmoja chini, mkono mmoja ubavuni, nakiweka, nakichukua tena. Nilitoka Voi, nimezaa, nimezika, nimelea watoto wa wenzangu, na sasa mtu mzima ananifundisha kubeba kikombe. Nilichemka moyoni. Jioni akaniambia, "Mara zote umekishika mkononi. Hii ni kauri, mkono si mahali pake. Mahali pake ni meza." Ndiyo maana nimewapigia kelele miaka yote: usimpe mwenzako chombo mkononi. Kiweke mezani, naye akichukue mezani. Vyombo huvunjika pale ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ameshashika.

Alinifundisha mengine ambayo mnayajua, na ambayo bado mnayavunja. Glavu za pamba ni za kupigia picha, kauri huteleza ndani yake. Kalamu ya wino isikaribie meza, penseli tu. Boksi likitoka kwenye lori mwezi wa Agosti lisifunguliwe, liache lipumzike ndani, la sivyo chombo kitatoka jasho kuliko mpakiaji. Ustaz aliweza kulala kwenye kiti kando ya boksi lililofungwa, akingoja lipoe. Wageni walidhani ni mvivu.

Baadaye nikapewa vyombo vya kale vya kijani, na kazi yake sikuipenda mara moja. Mimi nilipenda vyombo vya rangi, vya maua mekundu na dhahabu, vitu vya kuweka kabatini mgeni akaviona. Vya kijani niliviona vimepooza. Asubuhi moja Ustaz akaweka sahani mbili kubwa juu ya sponji, zote zimefunikwa kifudifudi, akaniambia, "Usigeuze. Watu wengine wote huanza na uso. Sisi tunaanza na kitako."

Nikatazama vitako. Ya kwanza ilikuwa ya Kichina, kutoka kwenye matanuri ya kusini mwa nchi yao, ya karne nyingi nyuma. Ile ngozi ya kioo inayofunika chombo, ambayo ndiyo yenye kijani, ilikuwa nene, imetulia, huoni mwisho wake, mithili ya uji uliopoa na kushika utando. Palipokuwa wazi bila ngozi, udongo ulikuwa wa kijivujivu, lakini umeiva wekundu. Ustaz akasema wekundu ule haukupakwa na mtu. Udongo wao una chuma ndani yake, na tanuri linapopoa hewa ikaugusa udongo mtupu, unaiva wenyewe, wekundu wa ganda la mkate.

Ya pili ilikuwa ya Kijapani, ya miaka ya mwanzo kabisa walipoanza kutengeneza kauri. Kijani chake kilikuwa chembamba zaidi, king'avu, kimeegemea bluu kidogo, na chini ya kijani kile mwili wa sahani ulikuwa mweupe. Kitako chake kilikuwa kidogo mno kwa upana wa sahani, mtu mnene amesimama kwenye viatu vya mtoto. Na ndani ya duara la kitako palikuwa na vidonda vidogo, kama alama za tetekuwanga. "Sahani pana, kitako kidogo," Ustaz akasema. "Ikiiva kwenye moto inalegea, tumbo linataka kushuka. Kwa hiyo waliiwekea vijiti vya udongo chini viishike. Ikishatoka tanurini wanavigonga vinatoka, vinaacha makovu. Kwenye hizi za Kichina makovu hayo huyaoni."

Nikamwonyesha utepe wa kahawia chini ya sahani ileile ya Kijapani, nikamwambia mbona na hii ina wekundu. Akacheka, na Ustaz hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Akaniambia Wajapani walizipenda sahani za Kichina kwa mamia ya miaka kabla hawajajua kuzitengeneza. Walizinunua, wakazitunza, wakazirithishana. Walipoanza kutengeneza zao, udongo wao mweupe haukuiva wekundu. Basi baadhi yao walichukua matope yenye chuma wakaupaka utepe ule kwa brashi, kisha wakaitia sahani tanurini, ili ifanane na ile waliyoipenda.

"Wadanganyifu," nikasema.

"Hapana," akasema. "Watu wanaojifunza. Nawe hapa umeshika kikombe kama mimi, nimekuita mdanganyifu?"

Akanieleza pia kwamba waliowafungulia Wajapani njia ya kauri walikuwa wafinyanzi wa Korea, waliochukuliwa wakati wa vita wakapelekwa Japani kufanya kazi. Nikamuuliza kama walirudi kwao. Akasema wengi hawakurudi, walizaa huko, wakazikwa huko. Tangu siku hiyo nikavipenda vyombo vile vya kijani vyembamba. Sikupenda uzuri wake, maana kusema kweli ile ya Kichina ndiyo nzuri zaidi. Nilimwonea huruma aliyefinyanga ile ya Kijapani. Mtu yuko mbali na kwao, anafanya kazi ya nchi ya tatu, anaambiwa ifanane. Nani kati yetu hapa Doha hajui hilo.

Sasa sahani ya Umm Salal.

Palitayarishwa maonyesho ya sahani za kijani za Kichina zilizokuwa kwenye nyumba za watu wa Ghuba tangu zamani. Wazee wa hapa wanaziita martabani, na walizithamini sana, ati ukiwekewa chakula chenye sumu sahani itapasuka yenyewe. Bwana mmoja wa Umm Salal, Jassim, kijana mhandisi wa adabu zake, aliahidi kutuazima sahani ya marehemu baba yake. Tulishaandaa boksi. Siku moja kabla ya kwenda kuichukua, akapiga simu. Ustaz alisikiliza muda mrefu, akasema "Inna lillah" kwa sauti ndogo, nikajua kuna msiba wa aina fulani. Alipokata simu akasema, "Boksi liache. Beba tochi na kioo cha kukuzia. Na wewe unakuja, kuna Mkenya mwenzako matatani."

Njiani akanieleza alichoambiwa. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na nyumba ile, kama nyumba nyingi, hutoa vyombo vyote kabatini kabla ya mwezi kuandama, vikaoshwa kimoja kimoja. Msichana wa kazi aliosha na sahani ya marehemu. Sasa wekundu wa chini ulikuwa umetoka, na palikuwa na mashimo. Jassim alisema msichana aliisugua kwa waya wa sufuria mpaka akaitoboa. Alikuwa ameshampigia wakala wake. Gari la kumchukua lingekuja alasiri.

Tulipofika, Ustaz alikaribishwa sebule ya ndani, na mimi kama kawaida nikapita mlango wa jikoni. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na friji, sanduku lake miguuni limefungwa kamba. Jina lake Rose Nafula, mtu wa Bungoma. Hakuwa msichana, kwa taarifa yenu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana, ila hapa kila mwanamke wa kazi ni msichana mpaka azeeke. Alikuwa analia bila sauti, na huku mchuzi mekoni unataka kuungua, akainuka akaupunguzia moto, akarudi kukaa.

"Mama, shikamoo," akaniambia.

"Marahaba. Hebu nieleze dada. Pole pole."

"Nitaeleza nini? Nimeeleza tangu asubuhi. Mama mwenye nyumba alisema vyombo vyote. Nikauliza, na hii ya mzee? Akasema vyote. Ilikuwa imeshika moshi wa udi, inanata. Nikatandika taulo ndani ya beseni isigongwe, nikailaza, nikatia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaenda kupika. Nilipoinua maji yamekuwa kahawia. Nikaibeba mwenyewe nikampelekea mama, nikamwambia, mama, tazama, kuna kitu kimetoka. Ningekuwa nimeiharibu si ningeirudisha kabatini na uso juu? Nani angeangalia chini?"

"Hukuisugua? Hata na sponji?"

Akaniangalia. "Hata wewe, Mama Mwakio?"

Jina langu alikuwa amelisoma kwenye kitambulisho. Nikamwambia mimi lazima niulize, ndiyo kazi. Akafuta uso kwa kanga.

"Unajua kinachoniuma? Si kurudi. Kurudi nitarudi tu siku moja. Lakini nifike Bungoma niseme nimefukuzwa kwa sababu ya sahani? Nani ataamini? Hakuna mtu anafukuzwa Arabuni kwa sahani. Watasema ni dhahabu, ama ni mume wa mtu. Binti yangu ameposwa, mama. Hao wakwe watasikia nini? Nitaishi na hilo jina mpaka kaburini."

Nimeona watu wakirudi nyumbani bila kitu wakaanza upya, lakini sijaona aliyerudi na jina bovu likamtoka. Nikamuuliza taulo liko wapi. Akashangaa. Akasema lile taulo la beseni alilitupa kwenye kapu la nguo chafu, mashine bado haijawashwa. Nikalitafuta mwenyewe, nikatoa mashuka ya watu mpaka nikalipata, bichi bado. Nikalitandaza juu ya meza ya jikoni.

Palikuwa na duara la kahawia. Duara zima, limekaa kwenye taulo kama alama ya sufuria yenye masizi ukiiweka juu ya kitambaa cheupe. Kingo zake zilikuwa safi. Mtu akisugua, rangi inakwenda huku na huku, inapakaa. Hii ilikuwa imeshuka yenyewe, taratibu, sahani ikiwa imelala. Nikasema moyoni, haya, tumepata pa kuanzia. Nikalikunja kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kulikunja taulo lolote la hoteli, nikamwambia Rose anifuate.

Sebuleni Umm Jassim, mama mwenye nyumba, alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mito, shela imeshuka karibu na macho, mkongojo kando yake. Jassim alisimama nyuma ya mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilipoyaona hasira zangu zikapungua, maana nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu mkorofi. Sahani ilikuwa juu ya mto, kifudifudi. Ustaz alikuwa ameiinamia na tochi yake.

"Baba alikuwa akiwageuzia wageni wote," Jassim alisema. "Kila mgeni. Anasema, oneni wekundu huu, hii ndiyo alama ya China, hauwezi kuigizwa. Mimi nikiwa mdogo alinipa nishike, akanipitisha kidole hapo chini. Sasa hapo pamebaki nini?"

Akageukia dirisha. Baba yake alikuwa na mwaka tu tangu afariki.

Nikaweka taulo mezani nikalifungua. Ustaz akaliangalia, akaniangalia, akaitikia kwa kichwa kidogo, na hiyo kwake ilikuwa sifa kubwa kuliko zile hotuba mlizonipa mwezi huu. Kisha akamwita Jassim akae chini karibu naye, akampa kioo cha kukuzia.

"Angalia mashimo haya," akasema. "Yako manne pembeni na moja katikati. Yamepangwa sawasawa. Mtu anayesugua kwa waya hapangi. Sasa angalia ukingo wa kila shimo. Unaona ngozi ya kioo ilivyojikusanya, ikajikunja mviringo? Hiyo ilitokea ikiwa moto, ikiwa inatiririka. Mashimo haya yametoka tanurini na sahani. Yana umri wa sahani."

Jassim aliangalia muda mrefu. "Lakini hayakuwepo."

"Yalikuwepo. Yalikuwa yamezibwa." Ustaz akachukua kijiti cha pamba, akakilowesha kwa maji ya glasi aliyowekewa anywe, akakizungusha taratibu juu ya kahawia iliyosalia upande mmoja. Pamba ikawa kahawia. Akakizungusha tena, chini yake pakatokea udongo mweupe. "Wekundu wa China ni wa udongo wenyewe. Unaweza kuuosha kila siku ya maisha yako, hautoki. Wako wafinyanzi wa Japani waliopaka kahawia kwa mkono, lakini waliipaka kabla ya moto, na iliyopita tanurini haiogopi maji ya vuguvugu. Hii inatoka kwa maji ya kunywa. Haikupakwa na mfinyanzi. Imepakwa na mtu wa sokoni, aliyetaka sahani ya Kijapani iitwe ya Kichina."

"Kwa hiyo baba alidanganywa."

Nilimwona Ustaz akitafuta maneno. Alikuwa anaweza kusema ndiyo, nayo ingekuwa kweli. Akasema, "Baba yako alichagua sahani ya zamani sana, iliyotengenezwa na watu waliokuwa ndio kwanza wanaijua kauri, na zilizobaki za namna hii ni chache. Macho yake hayakukosea. Uongo uliongezwa chini, na pengine hata aliyemuuzia hakuujua. Kidole chako kilipita juu ya rangi ya duka. Sasa pitisha tena."

Akamshika mkono, akampitisha kidole juu ya makovu yale madogo. Jassim alipitisha, akapitisha tena, akainama juu ya sahani ile akalia kama mtoto, na sisi sote tukatazama kapeti. Nilimsamehe palepale, japo si mimi niliyekuwa na haki ya kumsamehe.

Kabla sijamaliza, niwaambie sahani iliishia wapi, maana najua mtauliza. Ilikwenda maonyeshoni. Haikuwekwa na za Kichina, iliwekwa kabati lake peke yake, imegeuzwa juu ya kioo ili watu waone kitako, na maelezo yakasema ni ya Japani na ni ya nani. Jassim alileta wanawe. Mmoja wenu, sitamtaja, alilalamika kwamba uso haujaonyeshwa vizuri. Angefundishwa na Ustaz asingelalamika. Ustaz mwenyewe alirudi Sudani mwaka huohuo, na hatukupata tena mtu wa kulala kando ya boksi.

Lakini pale sebuleni mambo yalikuwa hayajaisha. Jassim alipojifuta uso, mama yake akapiga mkongojo chini mara moja, akaniambia kwa Kiarabu, "Khalas. Tumeelewa. Mwambie Rose arudishe sanduku chumbani, yamekwisha. Wakala apigiwe simu asije."

Nilifurahi nusura nipige kigelegele. Nikamgeukia Rose aliyesimama mlangoni, nikamwambia, "Dada, umeshinda. Wamesema urudi kazini."

Hakusogea. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, cha chumvi na sukari na leta na peleka, lakini hilo alikuwa amelielewa hata kabla sijamtafsiria.

"Mama Mwakio," akasema, "nataka kumwambia mama neno. Nitasema kwa Kiswahili, nawe umpe lote. Usinipunguzie, usinitilie sukari."

Nikamwangalia Ustaz. Akainua mabega. Nikasema haya.

"Mwambie hivi. Mwaka jana ulipovunjika nyonga, mama, ni mimi niliyekuogesha. Nilikubeba kwa mikono hii nikakuweka bafuni, nikakuosha mgongo, nikakuosha nywele, nikakuvalisha. Usiku ukiumwa ulikuwa unaniita mimi, humwiti mtu mwingine. Hujawahi kuniuliza, Rose, mbona umenisugua. Hujawahi kuniangalia kama nina waya mkononi. Uliniamini na mwili wako wote."

Akapumua. Nikatafsiri mpaka hapo, nikiwa nimeshaona anakoelekea.

"Leo nimekuletea sahani mwenyewe, nikakwambia sikuigusa vibaya. Hukuniuliza hata mara mbili. Mzee wa watu ametoka mjini na tochi, ameisikiliza sahani, sahani ikasema mimi sina kosa, ndipo ukaniamini. Nashukuru. Lakini umeiamini sahani, mama. Mimi bado hujaniamini."

Nililitafsiri lote. Sikupunguza. Jassim akafungua mdomo, mama yake akainua kiganja, akaufunga. Nikadhani, haya basi, sasa gari la wakala litakuja kweli.

Umm Jassim akaushika mkongojo, akaanza kuinuka. Mwanawe akataka kumsaidia, akamsukuma mkono. Aliinuka kwa shida, tena peke yake, akavuka kapeti lile lote hatua ndogo ndogo mpaka mlangoni aliposimama Rose. Kwa watu wa hapa, mdogo ndiye humbusu mkubwa juu ya kichwa, mwana humbusu mama yake hivyo akimwomba radhi, na sijawahi kuona mkubwa akifanya hivyo kwa mdogo, achilia mbali mwenye nyumba kwa mtu wa jikoni. Yule mama akauacha mkongojo uanguke, akakishika kichwa cha Rose kwa mikono miwili, kilemba na vyote, akakiinamisha, akakibusu. Akasema maneno ambayo watu wa Ghuba husema mtu akikiri amemdhulumu mwenzake, nami nikayatafsiri vile yalivyo: "Haki yako iko juu yangu."

Rose alikuwa analia, safari hii kwa sauti, na mikono yake ilikuwa imeshamzunguka yule mama kiunoni, imemshika imara, kwa sababu magoti ya mama yalikuwa yanatikisika. Akanigeukia mimi juu ya bega lake.

"Mwambie aketi," akasema. "Huo mguu haujapona."